Mbwa Aliyeacha Kuvuta Koti

Kaka yangu ana makoti matatu meupe ya kazini, na yote matatu yana matundu kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifungo. Ni matundu madogo, yamekaa mawili mawili. Mteja mgeni akiyaona hudhani ni kazi ya nondo. Si nondo, ni Kengele, mbwa wake, na kwa miaka tisa matundu hayo yalikuwa ushahidi kwamba mambo nyumbani kwetu yanakwenda sawa.

Kaka ni fundi wa meno ya bandia. Mtaani wanamwita Fundi Meno, na wapo watoto wanaoapa kwamba ana sanduku zima la meno chini ya kitanda. Wanasema uongo, sanduku liko kabatini. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi sisi wawili tangu nilipofiwa na mume wangu. Kuna meza ndefu yenye vumbi la plasta lisilokwisha hata ufute mara ngapi, kuna rafu za taya za watu zilizochongwa kwa plasta hiyo, kila moja na jina nililoliandika mimi kwa kalamu nyekundu, kuna jiko dogo la gesi la kuyeyushia nta, na kuna mashine ya kung'arisha. Miaka thelathini na mbili ya mlio wa mashine hiyo imeyamaliza masikio yake. Sasa anasoma midomo. Usiposimama mbele yake unaongea na ukuta, na hata ukisimama mbele yake usijipe moyo sana, maana mara nyingi hakusikilizi, anayakagua meno yako.

Kengele hakufundishwa na mtu. Aliletwa akiwa mtoto, kijibwa cha rangi ya udongo chenye sikio moja lililoinama, na mwaka haukuisha kabla hajagundua mwenyewe kwamba bwana wake hasikii. Mtu akigonga mlango, Kengele alinyanyuka chini ya meza, akaubana mkono wa koti kwa meno ya mbele, akauvuta taratibu mpaka kaka ageuke. Simu ikilia, hivyo hivyo. Mwaka fulani sufuria ya nta ilianza kufoka nyuma ya mgongo wa kaka, nami niko uani naanika nguo. Kengele alimvuta mpaka kifungo kikang'oka. Ndiyo maana nilikuwa naweza kwenda kumwona binti yangu kwa wiki nzima na kulala usingizi. Nilijua nimeacha masikio nyumbani.

Basi siku moja akaacha.

Wa kwanza kuumia alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi. Alikuja kuchukua meno yake ya juu, nami nilikuwa nimetoka. Aligonga nusu saa, juani, hana jino mdomoni. Dirishani alimwona kaka amempa mgongo anakwangua nta, na mbwa amelala karibu na kiti chake, anaangalia mlango. Kesho yake alirudi amefura, akaniambia mimi, kwa sababu kumfokea kaka ni kupoteza mate: "Mama, mlinzi wenu amestaafu kama mimi, au vipi?"

Nilicheka, nikaenda kumletea meno yake.

Wiki hiyo hiyo waliondoka wateja wawili bila kufunguliwa. Kaka alisema mbwa amezeeka, ana miaka kumi, naye ana haki ya kupumzika. Alisema hivyo kwa mdomo, lakini nilimwona akimtazama Kengele kama mtu aliyenuniwa na rafiki na hajui kosa lake. Mimi nina tabia mbaya ya kuwa na wasiwasi na kila kitu. Maziwa yakichelewa kuchemka nahisi gesi inavuja. Nikaamua kukaa karakanani siku nzima nijionee.

Mchana mtu akagonga. Kengele alinyanyuka mara moja, kama zamani. Akaenda hadi kwa kaka. Akauinua uso, akafungua mdomo, meno yakaugusa mkono wa koti. Halafu akaufumba. Akabaki amesimama pale, anamwangalia kaka, anatetemeka taya. Kisha akarudi chini ya meza akalala. Mbwa huyu alikuwa anasikia, na alikuwa anataka kuvuta, ila alishindwa.

Hapa sina budi kusema jambo linaloniaibisha, nalo ni kwamba nilikuwa nalijua tangu mwanzo, ila nilijifanya hamnazo.

Miaka miwili nyuma tulimpeleka Kengele kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Daktari wa mifugo ni binti mdogo, umri wa mtoto wangu wa mwisho, lakini mikono yake imetulia. Aliinua mdomo wa Kengele akatuonyesha magego: kila moja lilikuwa na ukoga wa kahawia shinani. Akasema mbwa akishakula, utando laini hujitanda kwenye meno, na usipofutwa, ndani ya siku chache unaganda ukawa mgumu kama uliomo kwenye birika la chai. Ukishaganda, mswaki hauufanyi kitu. Kwa hiyo afanyiwe usafi pale kliniki akiwa amelazwa, halafu nyumbani tumpige mswaki kila siku, wenye nywele laini, na dawa ya meno ya mbwa, si ya watu, maana mbwa hajui kutema na baadhi ya vitu vilivyomo kwenye zetu ni sumu kwake. Akatuonyesha kijibomba cha dawa hiyo. Dawa ilikuwa na ladha ya kuku.

Kaka aliisoma midomo yake yote mpaka mwisho, akashukuru, akatoka. Nje akaniambia, "Mtoto huyu ananifundisha mimi meno?" Na ile ladha ya kuku ilimchekesha hadi tukafika nyumbani.

Jumamosi iliyofuata alikiosha kisu chake cha kuchongea nta, kile chembamba chenye ncha iliyopinda, akamkalisha Kengele uani, akaanza kumkwangua ukoga. Ulitoka vipande vipande. Kengele alikaa kimya na masikio nyuma, anatetemeka miguu ya mbele, kwa sababu aliyemshika ni kaka, na kwa kaka angekaa hata motoni. Nani alishika tochi? Mimi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa miaka miwili, nilishika tochi. Meno yalitoka meupe yakametameta, na kaka akawa anamwinua Kengele mdomo ili kila mteja aone. Bibi wa nyumba ya jirani alisema laiti marehemu mumewe angekuwa na meno kama ya mbwa yule, pengine angembusu zaidi.

Harufu ilianza baadaye. Niliisikia Kengele akipiga miayo karibu nami. Lakini nikimwangalia meno, meupe! Nikajiambia ni chakula. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Jioni ya siku ile niliyomchunguza, nilimfuata kwenye bakuli lake. Alikuwa akitafuna kwa upande mmoja, kichwa amekilaza, punje zinamdondoka. Kwenye maji yake kulikuwa na uzi mwekundu. Nikaenda kusimama mbele ya kaka nikamwambia neno kwa neno, bila kupiga kelele, maana kelele humharibia midomo: "Kengele anaumwa meno."

"Hayo meno nayasafisha mimi," akasema.

"Ndiyo, kaka. Ndiyo maana nakuambia wewe."

Asubuhi tulikuwa kliniki. Daktari alimwinua Kengele mdomo upande wa kushoto. Akainua na wa kulia. Akabonyeza ufizi kwa kidole chenye glavu na usaha ukachungulia. Kengele alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na kaka hakuisikia, ila aliiona shingoni mwa mbwa.

"Nani alimkwangua huyu mbwa?" daktari akauliza.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme tulimpeleka kwa mtu fulani, hatumkumbuki, amehama. Kaka akaniwahi.

"Mimi," akasema. "Kwa kisu cha nta."

Daktari hakumfokea. Ingekuwa afadhali. Alisogea akasimama mbele yake sawasawa, akaongea polepole: kisu kilitoa ukoga unaoonekana, lakini ugonjwa ulikuwa chini ya ufizi, mahali ambapo mbwa aliye macho hawezi kuvumilia kuguswa. Na kila mkwaruzo wa chuma uliacha mchirizi kwenye jino, na utando unapenda michirizi.

"Usiendelee, daktari," kaka akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita daktari. "Hayo mengine nayajua. Nawaambia wateja wangu kila siku. Msikwangue meno kwa kisu, uchafu unashika kwenye mikwaruzo. Nimeyabandika mpaka ukutani."

Ni kweli. Bango hilo liko juu ya meza yake, nimeliandika mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Dawa yake ilikuwa moja: alazwe kwa dawa ya usingizi, apigwe picha za taya, asafishwe chini ya fizi, na yaliyooza yang'olewe. Daktari akamsikiliza moyo, akarudia kusikiliza. Kuna mlio mdogo wa ziada, akasema. Si mkubwa, lakini upo, na mbwa ana miaka kumi. Atapima damu kwanza, atapunguza dawa, atakuwa naye mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo hawezi kutuahidi kwamba ataamka.

Kaka alisoma neno hilo la mwisho midomoni mwake. Akaichukua kamba ya Kengele. "Nipe vidonge vya maumivu," akasema. "Nitafikiri."

Alifikiri siku tatu, na siku tatu hizo sizitamani tena. Daktari alitupatia vidonge na dawa ya usaha, akatuonya kwamba vinatuliza tu, havitibu. Kaka alimpondea chakula kwa mwiko hadi kikawa uji, akakaa naye sakafuni, mtu wa miaka sitini na nne mwenye magoti mabovu. Hakuwasha mashine. Kila nikimkumbusha maneno ya daktari, aligeuza uso pembeni, na ukishamgeuzia uso pembeni kiziwi umemkatia simu. Basi yeye alijikatia mwenyewe. Nilikuwa nimejaa hasira na huruma, sijui ipi ilitangulia. Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nilitaka pia mtu aje anitikise mimi, maana kila nikifumba macho niliiona tochi.

Siku ya nne ililazimu afanye kazi. Meno ya mwalimu mstaafu yalikuwa yanambana. Nikatoka kwenda dukani, dakika kumi tu. Niliporudi niliona moshi mwembamba unatoka juu ya dirisha la karakana.

Sikumbuki nilivyofungua mlango. Sufuria ya nta ilikuwa imekauka juu ya jiko la gesi, na kitambaa kilichokuwa kando kilikuwa kinawaka, moto wa urefu wa kiganja, umeshaanza kuramba ukingo wa rafu. Feni ilikuwa inapeleka moshi wote dirishani. Kaka alikuwa ameketi ameupa mgongo, miwani puani, jino mkononi. Na Kengele alikuwa miguuni pake anampiga goti kwa kichwa. Anarudi nyuma, anampiga tena. Kaka, bila kuinua macho, alikuwa anamsogeza kwa mguu, taratibu, kama unavyomsogeza mtoto anayedai chakula.

Nilizima gesi, nikakitupia kitambaa taulo lililolowa. Kaka aligeuka. Aliniangalia mimi, akaiangalia rafu iliyoungua ukingo, kisha akamwangalia Kengele, ambaye alikuwa bado anakisukuma kichwa gotini, udenda wenye damu umemchafua suruali. Akakiweka chini kile alichokuwa nacho. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Alikuwa ananiambia," akasema. "Mdogo wangu, alikuwa ananiambia, nami namsukuma."

Alasiri hiyo alikwenda kliniki akatia sahihi Kengele alazwe.

Tulimwacha Kengele kliniki kesho yake saa mbili asubuhi. Daktari alisema atapiga simu. Kaka hakutaka kukaa pale kwenye benchi. Alisema atarudi nyumbani afanye kazi, na tuliporudi hakufanya chochote. Tuliketi karakanani, simu yangu juu ya meza katikati ya taya za watu. Yeye hawezi kusikia simu, kwa hiyo alikuwa ananiangalia mimi. Hebu fikiria kuangaliwa usoni saa tatu mfululizo na mtu anayeishi kwa kusoma nyuso. Nikijikuna pua alishtuka. Nikimeza mate aliuliza, "Nini?"

Saa tano simu ililia. Ilikuwa ni mteja anauliza kama meno ya bandia yanaruhusiwa kulala kwenye maji ya moto. Nilimjibu kwa jinsi ambayo sidhani atarudi. Kaka alikuwa ameshasimama.

"Si wao," nikamwambia. "Kaa."

Saa sita kasoro ikalia tena. Safari hii ilikuwa daktari. Nilijikaza kisabuni, nikaufanya uso wangu uwe ubao mtupu, kwa sababu nilijua kikope kimoja tu kikicheza nitamuua kaka kabla sijajua habari yenyewe.

"Mama, yuko hai, moyo unakwenda vizuri," daktari akasema. "Lakini nimeona picha. Nilidhani ni magego tu. Kuna magego saba ya kutoka, na chonge mbili za juu mizizi yake imelegea kabisa, mfupa umeliwa. Hata meno madogo ya mbele, ya juu, hayana kitu cha kushikilia. Nataka ruhusa yenu. Nataka sasa hivi, sipendi akae kwenye dawa muda mrefu."

Nikamgeukia kaka. Nilikuwa na sekunde chache za kumweleza mtu kwamba mbwa wake anapoteza meno yale yale aliyomvutia mkono wa koti kwa miaka tisa. Nilisema bila kupamba. "Yuko hai. Anataka kung'oa chonge za juu. Na ya mbele."

Aliushika mkono wake wa kushoto, pale kwenye matundu. Sidhani kama alijua ameushika.

"Ang'oe," akasema. "Meno si kitu. Mwambie aniamshie mbwa wangu."

Saa nane aliamka. Tuliambiwa aliamka akijaribu kusimama kabla miguu haijawa tayari, akaanguka, akajaribu tena. Kaka alinilazimisha nimsimulie kipande hicho mara tatu.

Daktari alitukabidhi meno aliyoyang'oa, kwenye kikopo, kumi na tano kwa jumla. Kaka aliyamimina mezani chini ya taa na kuyapanga kwa mpangilio wa taya, kama afanyavyo na ya watu. Taji, zile sehemu zinazoonekana nje ya ufizi, zilikuwa nyeupe, na zote zilikuwa na michirizi. Mizizi ilikuwa imetafunwa. Kisha akakitoa kisu cha nta, kile cha ncha iliyopinda, akakivunja kwa koleo, na kisu hicho alikirithi kwa bwana aliyemfundisha kazi.

Kidonda kilichukua wiki mbili kupona. Daktari alisema mbwa anaishi vizuri bila meno mengi, chakula chake kiwe laini tu, na yaliyobaki yalindwe. Wateja walitania kwamba sasa ni zamu ya Fundi kumtengenezea Kengele seti. Kaka hakucheka. Kila asubuhi kabla ya chai alijizungushia shashi kidoleni, akapaka ile dawa ya ladha ya kuku, akasugua kwa miduara midogo mahali jino linapokutana na ufizi, upande wa nje, taratibu, akiongea peke yake. Kengele alipozoea shashi, ukaja mswaki laini wa mtoto. Mifupa ikapigwa marufuku, na lile jiwe alilokuwa akilitafuna uani likatupwa nje ya ukuta. Kila miezi sita, kliniki. Bango jingine likabandikwa, na kalamu ni ile ile.

Lakini hakuvuta koti.

Alikula, alicheza, alimkaribia kaka akajilaza miguuni pake. Mtu akigonga, alinyanyua kichwa, akamwangalia kaka, akakirudisha chini. Wiki ya tatu ikapita, ya nne ikapita. Niliacha kwenda kwa binti yangu. Hata sokoni nilikwenda mbio mbio na kurudi natweta, pua juu nikinusa moshi. Nilishona kipande cha flana laini kwenye mkono wa kushoto wa makoti yote matatu, kirefu, kinaning'inia, nikidhani pengine kitambaa kigumu kinamuumiza fizi. Kaka aliniacha nishone. Alipomaliza kuvaa la kwanza aliniambia kitu ambacho bado kinaniuma.

"Si fizi, mdogo wangu. Anaukumbuka mkono uliokuwa na kisu."

Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiri hivyo hivyo, na tena nilifikiri anaikumbuka na tochi.

Nikaanza mchezo wangu wa siri. Kila siku, baada ya chakula cha mchana, namwambia kaka natoka kidogo, naufunga mlango wa mbele kwa ufunguo wangu, nasimama nje, nahesabu hadi mia, kisha nagonga kama mteja. Nikisubiri dakika tano bila kitu, nafungua mwenyewe na kuingia na kitunguu au sabuni mkononi, nikijifanya nimetoka dukani. Kabati la jikoni likajaa sabuni. Majirani walianza kuniangalia kwa jicho la pembeni: mwanamke mzima anagonga mlango wa kwake huku ufunguo uko mkononi. Siku kumi na moja niligonga. Kila siku niligonga nikiomba, na kila siku niliingia nikiwa na tabasamu la uongo na sabuni ya kweli.

Siku ya kumi na mbili niligonga mara tatu. Hakuna. Nikagonga tena mara tatu, kwa nguvu, maana nilikuwa nimechoka na nina hasira na mlango, na kaka, na nafsi yangu. Nilikuwa nimeshauinua ufunguo niuchomeke niliposikia kiti kinaburuzwa ndani.

Mlango ukafunguliwa. Kaka alikuwa amesimama hapo, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, akitazama juu ya bega langu barabarani kumtafuta mteja. Kando ya mguu wake alikuwa Kengele. Flana ya mkono wa kushoto ilikuwa imelowa udenda mpaka kiwikoni, na haikuwa na tundu hata moja.

"Nani amegonga?" kaka akauliza.

Nilijaribu kusema ni mimi, lakini midomo ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba asingeweza kuisoma. Akautazama ufunguo mkononi mwangu. Akatazama chini, kwenye ule mkono wa koti uliolowa, akaushika kwa mkono mwingine kama mtu anayeupima joto. Uso wake ukaanza kubadilika polepole, kuanzia kwenye macho.

"Rudi nyuma, mdogo wangu," akasema. "Gonga tena."

Nikarudi nyuma, akafunga mlango, nami nikagonga tena.